Usukani wa mbao umekatika: kosa ni la mninga au ni langu?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina baiskeli ya mtumba ya gia, nikataka kuiwekea usukani wa mbao uliopinda kurudi nyuma, ule unaomfanya mtu aendeshe akiwa amekaa wima. Nilichukua ubao wa mninga, nikachora umbo, nikakata kwa msumeno wa umeme, nikachonga hadi ukawa mviringo, nikapiga msasa na vanishi. Ulipendeza kweli. Siku ya tatu, nikivuka tuta, ulikatika upande wa kulia, pale unapoanza kupinda. Namshukuru Mungu sikuumia. Sasa, nimeona picha za chukudu za Goma, zile skuta za mbao za kubebea mizigo kule Kongo, zina usukani wa mti na zinabeba magunia. Je, nilikosea mti? Mmoja ananiambia nichemshe mbao kwa mvuke, mwingine anasema nibandike fito nyembamba kwa gundi. Nimfuate yupi? Na nikitumia mpingo, si utadumu? — Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba, na pole kwa mkasa. Kabla hujautupa huo usukani, uchukue uangalie ulipokatika. Naamini mpasuko umekwenda mshazari kama ncha ya kalamu ya mwanzi, na uso wake ni laini, hauna nyuzi zilizochomoka kama za fimbo iliyovunjwa kwa goti. Kama ndivyo, mninga hauna kosa. Kosa ni kwamba ulikata pindo kutoka kwenye ubao ulionyooka.

Mbao ni fungu la nyuzi. Ukizivuta kwa urefu wake zina nguvu ya ajabu. Ukizitenganisha ubavuni, nguvu hiyo haifiki hata sehemu ya kumi. Kila aliyewahi kupasua kuni anajua: shoka moja linatosha ukifuata nyuzi, ila kulikata gogo lenyewe ni kazi ya jasho. Ulipochora pindo juu ya ubao, penseli ilipinda lakini nyuzi hazikupinda. Pale penye kona zikawa zinaingia upande mmoja wa usukani na kutokea upande wa pili baada ya sentimita chache. Tuta halikukata nyuzi, lilizibandua tu.

Wajenzi wa majahazi wa Lamu na Nungwi wanalijua hili tangu zamani. Hawakati taruma, yaani mbavu za jahazi, kutoka kwenye ubao ulionyooka. Wanatafuta tawi lililopinda lenyewe, au pale tawi linapoachana na shina, na kulichonga kwa kufuata pindo la mti. Ndiyo maana kwenye uwanja wa jahazi utakuta rundo la magogo yaliyokunjamana ambayo mwenye kiwanda cha milango angeyafanya kuni. Nawe ungeweza kutafuta tawi la namna hiyo, lakini utazunguka sana kupata moja lenye pande mbili zinazolingana. Na hizo chukudu, zitazame vizuri: usukani wake ni mti mnene hasa. Unene ni nusu ya habari, nitaurudia.

Kwanza mvuke. Mvuke unafanya kazi. Michael Thonet, yule Mjerumani wa viti vya mbao iliyopindwa, alitoa kiti chake namba 14 mwaka 1859 na viti vya umbo hilo bado vinakaliwa hadi leo. Lakini alitumia mti wa Ulaya uitwao bichi (beech), unaokubali kupindwa kuliko karibu yote tunayoiuza hapa, na alikuwa na siri moja ambayo wanaokushauri huisahau: ukanda wa chuma uliobanwa upande wa nje wa pindo.

Sababu yake ni hii. Mbao iliyolainishwa na mvuke inakubali kubanwa sana, hata robo ya urefu wake kwa miti mizuri. Kuvutika haitaki: ikizidi asilimia 2 hivi, inapasuka. Chukua kipande cha unene wa milimita 32 ukipinde kwenye duara lenye nusu kipenyo cha milimita 150. Upande wa nje unalazimika kurefuka kwa karibu asilimia 10. Hapo umeshapasua. Ukanda wa chuma wenye vizuizi kwenye ncha zote mbili unaukatalia upande wa nje usirefuke, hivyo mbao yote inajibana kuelekea ndani. Kuupata huo ukanda ukae sawasawa, kufukiza saa nzima kwa kila milimita 25 za unene ndani ya bomba la chuma, kisha kukimbiza kipande kwenye kalibu, yaani umbo la kukipindia, ndani ya nusu dakika kabla hakijapoa, si kazi ya mtu mmoja nyumbani. Isitoshe, mbao inayouzwa mjini ikiwa imekaushwa kwa tanuri haisikii mvuke vizuri. Inatakiwa yenye unyevu kiasi, iliyokaushwa kwa hewa. Na ukifaulu, usubiri wiki kadhaa ikauke ndipo uchonge, na pindo litakuwa limejifungua kidogo. Mimi nimewahi kupasua vipande vinne mfululizo jioni moja, nikazima jiko nikaenda kulala.

Kwa hiyo bandika fito. Hesabu ileile inakuonyesha kwa nini: ufito wa milimita 2 ukiupinda kwenye duara lile la milimita 150, upande wake wa nje unarefuka kwa asilimia 0.7 tu. Unapinda mkavu, bila mvuke, kwa mkono. Ukishabandikwa na wenzake, gundi inawashika wote wasiteleze, na pindo linabaki. Nyuzi za kila ufito zinafuata kona kuanzia ncha hadi ncha, kama kwenye taruma.

Mninga endelea nao. Haupanuki wala kusinyaa sana majira yakibadilika, na unashika gundi. Mtiki nao ni mzuri, ila una mafuta yanayoikataa gundi. Upanguse kwa asetoni na ubandike muda huohuo. Chagua kipande kisicho na fundo hata moja, chenye mistari iliyonyooka. Mimi hupasua kijiti cha pembeni kwa kabari nione nyuzi zinakwenda wapi, maana macho hudanganywa na michirizi ya rangi. Nyuzi zikitoka nje ya ubao kwa zaidi ya sentimita 1 katika kila sentimita 20, rudisha ubao.

Pasua fito 18 za milimita 2, upana milimita 40, urefu sentimita 85. Jiandae kuumia moyo: msumeno unakula milimita 3 kwa kila mpasuo, halafu randa inakula yake, hivyo vumbi litakuwa jingi kuliko fito. Zipe namba kadiri zinavyotoka.

Kalibu itengeneze kwa mbao za paini zilizobandikwa hadi zifike unene wa upana wa fito, umekata umbo la upande wa ndani wa usukani. Ipake nta ya mshumaa, la sivyo utabandika na kalibu. Kisha zipinde fito zote bila gundi kwanza. Usiruke hatua hii. Ndipo utakapogundua kwamba klampu hazitoshi. Klampu zisipotosha, kata tyubu kuukuu ya baiskeli iwe ukanda mrefu wa sentimita 3, uvute kama wa manati na uzungushe kuanzia katikati kwenda nje. Mpira unabana sawasawa kuliko klampu nyingi nilizowahi kununua.

Gundi iwe epoksi, ile ya chupa mbili za kuchanganya. Gundi nyeupe ya mbao ni nzuri kwa kiti na kabati, lakini chini ya mzigo wa kudumu inatambaa polepole, na jua linaiharakisha. Usukani wangu wa kwanza niliubandika kwa gundi nyeupe. Niliegemeza baiskeli ukutani saa sita mchana, niliporudi fito mbili za nje zilikuwa zimeachana kama midomo ya mtu anayetaka kusema jambo. Epoksi ipake pande zote mbili za kila ufito, na usibane hadi ukaikamua yote nje. Inataka kubaki kidogo katikati. Iache saa 24 ikiwa kuna joto, na zaidi msimu wa baridi.

Sasa unene. Chukulia mkono wako unakandamiza kwa kilo 40 ukipita kwenye shimo, na uko sentimita 27 kutoka pale usukani unapobanwa. Usukani wa mbao wenye kipenyo cha milimita 22, sawa na ule wa chuma, pale kwenye kibano unapata zaidi ya kilo 10 kwa kila milimita ya mraba. Mninga mkavu usio na dosari unavunjika kwenye kilo 9 hivi. Kwa kipenyo cha milimita 32, mzigo uleule unashuka hadi kilo 3.4. Umeongeza milimita 10 tu, nguvu imeongezeka mara tatu, kwa sababu unene unajizidisha wenyewe mara tatu katika hesabu hii. Kwa hiyo katikati uache mnene, kisha upunguze taratibu kuelekea mikononi mpaka milimita 22, ambako mzigo ni mdogo na vishikio vya breki vinataka 22.2. Punguza kidogokidogo, usitengeneze bega la ghafla mahali popote, maana bega ndipo ufa unapozaliwa. Na usitoboe tundu la kupitishia waya wa breki, hata kama umeona picha.

Hii ina maana kile chuma cha shingo kinachobana usukani lazima kiwe cha milimita 31.8, chenye kifuniko cha mbele kinachofunguka kwa skrubu nne. Baiskeli yako huenda ina cha 25.4, kibadilishe, usichonge usukani ukutane nacho. Chonga katikati hadi milimita 31.6, kisha zungushia bati la kopo la soda lisilopandana. Linagawa mbano ili kingo za chuma zisikate nyuzi. Kaza skrubu kwa zamu, zote nne kidogokidogo. Baada ya wiki kaza tena, na kiangazi kikiingia kaza tena, kwa sababu mbao husinyaa na chuma hakisinyai. Ingekuwa ile baiskeli ya kizamani yenye breki za fito za chuma, ningekuambia uache kabisa, kwani pale usukani na breki ni mwili mmoja.

Kabla ya barabara, jaribu. Funga ile shingo kwenye jiriwa au benchi zito, weka usukani, ning'iniza mfuko wa saruji wa kilo 50 pale mkono unaposhika, uache dakika 10. Sogeza sikio. Ukisikia mlio wowote wa tik, usukani huo utundike ukutani sebuleni, hautafika barabarani. Fanya upande wa pili pia. Ukipita, paka vanishi ya nje mara nne, ukikazania ncha, kwa maana maji huingia mbao kupitia ncha kuliko ubavuni. Kila mwezi pitisha kidole kwenye kona zote mbili. Nywele nyeupe kwenye vanishi ni ufa unaoanza.

Kuhusu mpingo: ni mgumu kweli, na mzito hadi unazama majini. Lakini mti wenyewe hukua mfupi na uliopinda, na kupata sentimita 85 zilizonyooka bila fundo ni bahati nasibu ya ghali. Kupindika hautaki, na gundi inaushika kwa shida. Ukiwa na kipande kidogo, chonga vizibo viwili vya kufunika zile ncha.