Dume mwenye jeni mbaya: usimuuze kwa mbegu, wala usiwachinje binti zake

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama ni halali kumuuza dume wako wa Friesian kwa mtu wa wilaya ya jirani anayemtaka kwa kupandisha, ilhali ndama wake wawili wamezaliwa na miguu iliyokakamaa. Pili, kama mitamba yote aliyoizaa ichinjwe. Jibu langu kwa maswali yote mawili ni hapana. Mimi ni mhimilishaji, yaani napandisha ng'ombe kwa mbegu ya mrija bila dume kuwepo, kwenye vijiji vya mteremko wa Meru na nafuga mwenyewe, na jambo hili nimelipitia nikiwa ndani ya kikundi cha wafugaji, pesa ikiwa mezani.

Kabla hujamhukumu dume, hakikisha ni urithi. Mimba kutupwa au ndama kuzaliwa na kasoro kuna sababu nyingi: brusela (ugonjwa wa kutupa mimba), Homa ya Bonde la Ufa kama ile iliyopita Kenya na Tanzania mwaka 2006 na 2007, virusi vinavyomshika mama akiwa na mimba changa, hata majani yenye sumu. Daktari wa mifugo achukue damu ya mama. Ugonjwa haujali baba wa ndama ni nani. Kasoro ya kurithi inafuata ukoo. Fungua daftari lako, na kwa kila ndama aliyeharibika andika baba yake na babu yake mzaa mama. Kama ni dume yuleyule pande zote mbili, una sababu nzito ya kumsimamisha leo.

Kwetu ilikuwa hivyohivyo. Tulikuwa na dume wa pamoja, uzao wa ng'ombe walioletwa kwa mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Alikuwa mpole, na binti zake walikuwa na maziwa mazuri. Tatizo la dume wa kijiji ni kwamba hahamishwi. Binti zake wakikua na kupata joto, anaitwa yeye tena, kwa sababu yuko karibu na bei yake ndogo. Wakaanza kuzaliwa ndama wenye viungo vilivyokaza, wengine wafu, wengine wanaishi siku chache wakijaribu kusimama. Watu wakasema ni mkosi. Nilipokusanya kadi za kupandisha za wanakikundi, kila ndama aliyeharibika alikuwa mtoto wa yule dume na pia mjukuu wake.

Hapo akatokea mnunuzi kutoka kata nyingine akimtaka kwa mbegu, kwa bei iliyomwacha mbali mchinjaji. Baadhi ya wenzangu wakasema hatuna cheti cha maabara, kwa hiyo tukinyamaza hatujamdanganya mtu. Nilipinga na bado napinga. Tulichokuwa tunakijua kilitosha kutufanya sisi wenyewe tuache kumpandisha, na mnunuzi alikuwa na haki ya kukijua hichohicho. Mama mmoja wa kikundi, ambaye ng'ombe wake alikesha akihangaika na ndama aliyekwama, aliwauliza waliokuwa wanatetea bei kama wao wangemnunua kwa mabanda yao. Wakakiri wasingemnunua. Dume akahasiwa, akanenepeshwa, akauzwa kwa nyama. Pengo la bei lilituuma kweli, maana pesa ile ndiyo ilikuwa ya kununulia dume mwingine.

Sasa elewa kwa nini kasoro hizi hujificha muda mrefu. Nyingi zinahitaji jeni mbaya, yaani chembe ya urithi yenye hitilafu, kutoka kwa baba na kwa mama pia. Aliyepata moja tu ni mzima kabisa: ananawiri, anapanda, anazaa. Dume wa aina hiyo akipanda ng'ombe wasio na jeni hiyo, hakuna ndama atakayeugua, ila nusu yao, kwa wastani, wataibeba. Akipanda mbebaji mwenzake, ndama 1 kati ya 4 anaharibika. Akipanda binti zake mwenyewe bila kuwachagua, ni 1 kati ya 8. Kwa hiyo 7 wanazaliwa wazima, na kila mfugaji kwenye banda lake anaona bahati mbaya tu. Ndiyo maana anayemuuza dume huyo kwenye wilaya mpya hauzi hasara ya mwaka huu. Mnunuzi atamsifu miaka miwili au mitatu, na ndama walemavu watakuja binti za dume wakishaanza kuzaa naye, wewe ukiwa umeshasahau.

Utaambiwa dume mwenye maziwa kwenye ukoo wake ni hasara kumtupa. Hoja hiyo ina uzito, na mfano wake mkubwa uko Marekani. Dume wa Holstein, ng'ombe wa maziwa wa ukoo mmoja na Friesian, aitwaye Pawnee Farm Arlinda Chief, aliyezaliwa 1962, aliacha mabinti wapatao 16,000 na wajukuu wa kike wapatao 500,000. Alibeba jeni ambayo ndama akiirithi pande zote mbili, mimba hutoka. Watafiti walikadiria mimba zaidi ya 500,000 zilizopotea duniani na hasara ya dola milioni 420, huku ongezeko la maziwa kutokana na uzao wake likiwa na thamani ya dola bilioni 30. Kwa hesabu ya pesa peke yake, faida imefunika hasara.

Ila Chief alitumika kabla mtu yeyote hajajua. Kipimo cha kuwatambua wabebaji kilikuja 2011, na tangu hapo kuwakutanisha wawili ni uamuzi wa mtu. Halafu kasoro hazina uzito mmoja. Mimba inayotoka mapema inamuumiza zaidi mfugaji, ambaye anakaa miezi bila maziwa. Lakini kuna ile iitwayo BLAD, iliyotoka kwa dume Osborndale Ivanhoe, aliyezaliwa 1952, na kusambazwa sana na mjukuu wake Carlin-M Ivanhoe Bell. Ndama wa BLAD anazaliwa akiwa hai, chembe zake nyeupe za damu haziwezi kwenda kwenye kidonda, kwa hiyo anapata nimonia juu ya nimonia, vidonda mdomoni, kuhara, na wengi hufa baada ya wiki au miezi ya mateso. Mimi namhesabu ndama huyo kwanza, kabla ya maziwa. Miaka ya 1990 mwanzoni, takriban madume 14 kati ya kila 100 wa Holstein waliopimwa Marekani walikuwa wabebaji. Kilichoipunguza BLAD ni kupima na kuandika majibu hadharani, ili mfugaji asikutanishe wabebaji wawili.

Kwa hiyo, mitamba yako. Kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kutoibeba jeni ya baba yake, na hata mbebaji atakupa maziwa maisha yake yote bila kuumia. Wakamue. Wapandishe kwa mbegu ya uhimilishaji ya dume wa ukoo tofauti kabisa. Kwenye orodha ya mbegu utaona alama: TL ni dume aliyepimwa hana BLAD, BL ni mbebaji, TV amepimwa hana CVM, ile kasoro ya uti wa mgongo, na CV ni mbebaji. Usione aibu kumwomba mhimilishaji akuonyeshe. Kwa kasoro yako, ambayo bado haina jina, alama hizo hazitoshi, kinga yako ni ukoo wa mbali. Ndama dume wote wa ukoo huu wahasi. Ukiuza mtamba, mwambie mnunuzi.

Na kwa kuwa wengine hapa mmekuwa mkiulizia ng'ombe wa nyama aitwaye Belgian Blue baada ya kuona picha za misuli yake, hiyo ni kesi mbaya zaidi. Kwa ng'ombe yule, jeni inayojaza misuli ndiyo sifa yenyewe inayotafutwa, kwa hiyo huwezi kuikwepa kwa kuchagua mwenza. Kwao Ubelgiji karibu ndama wote halisi wa aina hiyo huzaliwa kwa upasuaji. Kata yenye daktari mmoja wa mifugo na barabara ya utelezi haina haki ya kumwekea ng'ombe mzigo huo.

Mkuu, kazi iliyobaki ni majirani waliokwisha pandishiwa. Wapitie mmoja mmoja, hasa wale ambao ng'ombe wao ni binti wa dume wako, ili siku ya kuzaa daktari awe karibu na mtu asimvute ndama aliyekakamaa kwa kamba mpaka amchane mama. Majibu ya damu yakitoka, yaweke hapa pamoja na orodha ya wenye mimba zake.