Malkia kauawa Jinja, Kampala bado wanakula naye

*Anko, shikamoo. Tuko makundi mawili tunacheza gemu la kuigiza, lile la dadu na makaratasi, sisi Jinja na wenzetu Ntinda kule Kampala, dunia ni moja tumeitunga wenyewe, visiwa ziwani na malkia mmoja. Mwezi uliopita mchezaji wetu alimuua malkia, vikao vitatu tulimtafuta, tukapiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Kumbe wiki mbili baadaye wenzetu wamekula naye chakula cha jioni na akawapa meli! Mwendesha gemu wao, yule anayesimulia dunia na kuamua yanayotokea, anasema kifo kifutwe, wa kwetu anasema meli irudi. Sasa hawasalimiani. Tufanyeje? — Msomaji, Jinja*

Marahaba. Kwanza msifute kitu, si kifo si meli. Halafu nikuulize, hizo wiki mbili ni za kwetu au za visiwani? Manake barua yako yote haina tarehe hata moja ya kule ndani. Nyie mnacheza Jumamosi, wao labda Jumapili ya mwisho wa mwezi, lakini kilichochezwa baadaye si lazima kiwe kimetokea baadaye, kile chakula kinaweza kuwa kililiwa siku kumi kabla malkia hajafa na ugomvi wote ukaisha hapo hapo. Gary Gygax, mmoja wa wawili waliotoa Dungeons & Dragons, gemu la kuigiza kama hili lenu, mwaka 1974, alikuwa na wachezaji wengi wanaoingia na kutoka kwenye dunia moja, na mwaka 1979 akawaandikia waendesha gemu kwa herufi kubwa tupu kwamba bila kumbukumbu kali ya muda hakuna kampeni, yaani hadithi ndefu ya vikao vingi, ya maana. Mimi hilo nalishika kabisa. Utaratibu wake ni rahisi: wakati hakuna anayecheza, siku moja ya kwetu ni siku moja ya kule.

Kama tarehe zinagoma, labda meli ilishatumika kwenye vita iliyokuja baada ya kifo, basi geukieni mashahidi, kila upande ubaki na simulizi yake. Hapa Uganda tunalijua hili tangu kwa mabibi zetu. Muulize Mganda, atakwambia Kimera, Kabaka wa zamani wa Buganda, ni mtoto wa Kalemeera, mjukuu wa Kabaka Chwa, alizaliwa Bunyoro akarudi kwao kutawala. Muulize Mnyoro, Kimera ni Kato, pacha wa Rukidi yule mwanzilishi wa Babiito, ukoo wa kifalme wa Bunyoro, alikwenda Buganda kutoka kwao. Mtu ni mmoja, wazazi tofauti, na hakuna nyumba iliyolazimishwa kufuta ya kwake, tena kule kutofautiana kwenyewe kunakueleza nani alitaka kuonekana mkubwa wa nani. Kwa hiyo Ntinda walikula na nani? Mdogo wake aliyevaa taji kabla msiba haujatangazwa? Nani ikulu anafaidika watu wakiamini malkia yu hai? Hapo mmepata vikao vitano vya bure, na makundi yote mawili yana sababu ya kukutana. Ila hiyo dawa ni ya mara moja, ukileta pacha kila mkikosea wachezaji wataacha kuogopa kifo.

Najua wengine watasema hata kampuni kubwa zinafuta. Kweli, mwaka 2014 Lucasfilm, kampuni ya filamu za Star Wars, waliweka kando hadithi za miaka mingi zilizokuwa nje ya filamu wakaziita ngano tu, pamoja na mengi yaliyotoka kwenye gemu la kuigiza la 1987. Wao walikuwa na filamu za kutengeneza. Nyie mna watu kumi hivi, na kijana aliyemtafuta yule malkia vikao vitatu ukimwambia haikutokea, hatarudi, na mimi simlaumu.

Mbele ya safari wekeni daftari moja na mtu mmoja wa kuliandika, asiwe mwendesha gemu manake huyo ana mengi kichwani. Aandike tarehe ya visiwani, nani alikuwepo, nini kilitendeka, na pembeni kabisa nini kilisemwa tu, kwa sababu mvuvi wa bandarini akisema mfalme mzee alikufa kwa sumu, hayo ni maneno ya mvuvi, si historia. Atume picha ya ukurasa WhatsApp usiku huo huo. Na mgawane visiwa, wa kwenu muwe huru navyo, ila ikulu hachomi mtu bila upande wa pili kujua. Halafu huyo mwendesha gemu wenu apande taksi aende Ntinda wakae chini wale rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, pamoja, hili la kutosalimiana halimalizwi kwa simu.

*Anko, nimeandika kurasa 60 za historia ya dunia yangu na wachezaji hawasomi. Niwalazimishe? — Msomaji, Arua*

Hapana. Hizo kurasa ni zako za kukusaidia kujibu haraka, na mpaka jambo litokee mezani mbele yao bado una haki ya kulibadilisha. Wape nusu ukurasa: wanaishi wapi, nani anatoza kodi, nini wanaogopa usiku. Mengine watakuuliza wenyewe wakifika huko.