Kabla ya kushika spana, kanyaga pedali

Mdogo wangu uliyeanza gereji mwezi huu, najua mikono inakuwasha kufungua tairi. Ngoja kwanza. Kaa kwenye kiti cha dereva ukanyage breki kwa mguu wako mwenyewe. Wateja karibu wote wanakuja na maneno mamoja, "Fundi, breki hazishiki," na fundi asiyekanyaga anaishia kubadilisha pedi za mbele wakati ugonjwa uko kwingine kabisa. Pesa ya mtu imekwenda na gari bado ni hatari.

Ili uelewe mguu unakuambia nini, nenda duka la dawa ununue mabomba mawili ya sindano, moja la mililita 5 na jingine la 20, na mpira wa dripu. Yajaze maji, uyaunganishe kwa mpira, hewa yote itoke. Sukuma lile dogo. Kubwa linatoka taratibu, lakini jaribu kulizuia kwa kidole gumba uone linavyokushinda. Breki ya mafuta ni hiyo hiyo. Maji hayabonyei, na msukumo ukiuweka upande mmoja unafika kila upande ukiwa uleule. Mfaransa Blaise Pascal alilieleza hilo katika karne ya 17. Bomba dogo ni masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali; kubwa ni kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski ya tairi. Chukua pistoni ya masta yenye kipenyo cha milimita 20 na ya kalipa yenye milimita 54: eneo la kalipa ni zaidi ya mara 7. Na kabla ya hapo pedali yenyewe ni wenzo, imeshazidisha nguvu ya mguu mara 3 au 4. Ongeza buusta, lile duara jeusi nyuma ya masta linalovutwa na upepo wa injini, ndipo mama mwembamba anaisimamisha Hiace iliyojaa abiria.

Sasa ingiza kiputo cha hewa kwenye bomba, usukume tena. Mkono unakwenda, bomba kubwa linachelewa. Unahisi kama unabonyeza godoro. Ishike hisia hiyo, maana utakutana nayo maisha yako yote: pedali laini ya kudunda ni upepo ndani ya mfumo. Pedali ikianza vizuri halafu ikazama polepole ukiwa umeishikilia, na nje hakuna panapovuja, shuku raba za ndani ya masta zinapitisha mafuta. Ikiwa ngumu kama jiwe huku injini inawaka, angalia buusta na mpira wake. Gari likivuta upande mmoja, kuna kalipa iliyoganda au mpira wa breki uliovimba ndani. Usukani ukitetemeka ukipiga breki, kapime diski.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili wanaosikilizana. Anza na tairi lililo mbali zaidi na masta. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, mara nyingi ni la nyuma kushoto. Yapo yenye mpangilio wake, hasa yenye ABS, mfumo unaozuia tairi zisigande ukipiga breki ghafla, hayo fuata kitabu cha gari. Mwenzako anapampu mara tatu, unamwambia "Shika!", unafungua nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye kalipa, robo mzunguko, mafuta yanatoka na viputo kupitia mpira mwembamba ndani ya chupa, unafunga, ndipo unamwambia "Achia." Akiachia kabla hujafunga, hewa inarudi ndani na mmefanya kazi bure. Kila baada ya mara chache angalia kopo la mafuta lililo juu ya masta lisikauke.

Kopo hilo nalo lina lugha yake. Mafuta ya breki hayaliwi kama ya injini. Yakipungua, ama pedi zimelika na pistoni zimetoka nje zaidi, ama kuna mahali panavuja. Usikimbilie kuongeza kabla ya kutazama. Na usiweke kitu kingine humo, si oili ya injini wala ya usukani: raba zinavimba, breki zinang'ang'ania, na mwisho unabadilisha raba za mfumo mzima.

Mafuta haya yananyonya maji kutoka hewani hata yakiwa yamefunikwa. DOT 3, daraja mojawapo la mafuta ya breki, ikiwa mpya kabisa haichemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji chini kidogo ya asilimia 4, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Fikiria gari linashuka mlima Kitonga wenye kona kali kutoka Iringa, dereva kakalia breki badala ya kupunguza gia. Joto linapanda kwenye kalipa, mafuta yanachemka, mvuke unafanya kazi ya kile kiputo cha sindano. Pedali inakwenda chini katikati ya kona. Dereva atakuambia breki zilikuwa nzima asubuhi, na anasema kweli. Kwa hiyo, kila miaka 2 mwaga yote, weka mapya kutoka kwenye chupa uliyoifungua siku hiyo.

Nina jambo moja linaloniumiza hadi leo. Mwaka wangu wa pili nilifunga pedi mpya kwenye Noah. Ukirudisha pistoni nyuma ili pedi ziingie, inabaki nafasi, na kukanyaga kwa mwanzo kunaishia kuijaza nafasi ile tu. Sikupampu. Nilishusha jeki, nikampa mteja funguo. Akarudi nyuma, akakanyaga, pedali ikagusa kapeti, gari likaenda kugonga ukuta wa jirani. Binti wa mama ntilie alikuwa ametoka pale na ndoo ya maji muda huo huo. Nilisimama na spana mkononi nisiweze kusema neno.

Tangu siku hiyo, nikimaliza breki, funguo zinakaa mfukoni mwangu. Napampu mpaka pedali isimame juu na kubaki juu, naendesha mwenyewe ndani ya uwanja mwendo wa mtu anayetembea, napiga breki mara tano, narudi kuangalia kopo. Ndipo mteja anapewa funguo zake.