Fundi anataka kuichonga hedi ili injini ipate nguvu: nimkubalie?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Gari langu lina injini ya petroli ya lita 1.5, silinda nne, na limeshatembea kilomita 180,000. Siku hizi mlimani linachoka, na mafuta linakunywa kuliko zamani. Fundi mmoja anasema tuichonge hedi ili kompresheni ipande, tung'oe themostati injini isipate joto, na ekzosi tuifungue ipumue. Mwingine anasema yote hayo ni kupoteza muda, nifunge tabo. Nimsikilize yupi?

JIBU: Ndugu msomaji, injini yako sijaiona, lakini katika barua yako kuna maneno mawili niliyoyarudia mara kadhaa: "kuliko zamani". Mlima huohuo injini hiyo iliupanda vizuri ikiwa na hedi (kifuniko cha juu cha silinda) isiyochongwa, themostati yake mahali pake na ekzosi nzima. Basi kuna kitu kimechakaa, kimeziba au kinavuja. Mafundi wako wote wawili wanataka kukuongezea kabla hawajakurudishia ulichopoteza.

Nianze na nguvu inakotoka. Wengi hudhani ni petroli. Petroli kuiingiza ni kazi nyepesi. Kazi ni hewa. Gramu 1 ya petroli hudai gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Injini ya mipigo minne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili ya krankshafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kwa hiyo yako ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, silinda zake zina nafasi ya lita 4,500 za hewa kwa dakika. Hazijai kabisa, maana njia ina kona, filta na valvu. Tuseme zinajaa kwa asilimia 85. Hiyo ni lita 3,825, kama kilo 4.6 za hewa, ambazo zinatosha kuunguza kilo 0.31 ya petroli. Joto la petroli hiyo, kwa kipimo cha nguvu, ni kilowati 224 hivi. Utazipata zote kwenye krankshafti? Thubutu! Kwa ufanisi wa asilimia 30 utaambulia kilowati 67, yaani nguvu farasi 90. Zilizobaki hutoka na moshi wa ekzosi, hupotelea kwenye rejeta, na nyingine huliwa na msuguano.

Kwa hiyo milango ni miwili: uingize hewa zaidi, au uligeuze kuwa kazi fungu kubwa zaidi la joto ulilonalo. Tabo, yaani pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa ekzosi, hupita mlango wa kwanza. Kuchonga hedi hupita ule wa pili, na kinadharia fundi wako hajakosea. Tangu Nikolaus Otto alipoendesha injini yake ya mipigo minne mwaka 1876, inajulikana kwamba mchanganyiko wa hewa na petroli uliobanwa zaidi hutoa kazi zaidi. Katika hesabu safi ya mzunguko wa Otto, kompresheni ya 8 kwa 1 (yaani mchanganyiko ukibanwa hadi sehemu moja ya nane ya ujazo wake) hutoa ufanisi wa asilimia 56.5, na ya 12 kwa 1 hutoa 63. Injini halisi haifiki huko, lakini mwelekeo ni huo.

Sasa tuiweke injini yako mezani. Kila silinda ina sentimita za ujazo 375. Nakisia kompresheni yako ni 9.5 kwa 1. Hapo chumba cha mwako ni kama sentimita za ujazo 44. Ukichonga nusu milimita, kwa bomba la silinda lenye upana wa milimita 75 au karibu na hapo, chumba kitapungua kwa sentimita za ujazo 2 tu. Kompresheni itafika 9.9. Ufanisi wa kinadharia utatoka asilimia 59.4 hadi 60. Kwa mlimani hiyo haisikiki hata kidogo.

Na gharama yake? Kwanza valvu zinasogea karibu na pistoni. Pili, kamshafti (shafti inayofungua valvu) inashuka kuelekea krankshafti, mkanda wa taimingi unalegea kidogo na valvu zinachelewa kufunguka. Tatu, injini inaanza kugonga. Kugonga huko si chuma kinachopiga chuma: ni mabaki ya mchanganyiko yanayojiwasha yenyewe kwa joto na shinikizo kabla moto wa plagi haujayafikia. Kama injini ina sensa ya kugonga, kompyuta itachelewesha cheche ili kuinusuru, na ile nguvu uliyoitafuta itaondoka papo hapo. Kama haina, pistoni italipa. Dawa yake ni petroli yenye okteni ya juu kila ujazapo tangi. (Okteni ya juu katika injini isiyoihitaji, kwa kawaida, haiongezi chochote. Ni uvumilivu wa kugonga, si nguvu ndani ya mafuta.)

Themostati usiing'oe. Nasema hivi nikijua ni mafundi wangapi wataninunia. Kifaa hicho, ambacho ni valvu ya maji ya kupozea injini, hufunguka kwenye nyuzi 82 hadi 90 hivi, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto la kazi na kuishikilia hapo. Ukikiondoa, injini huchelewa kupata moto, oili hubaki nzito, na kompyuta ikisoma maji ya baridi huendelea kumwaga petroli kana kwamba ni asubuhi. Unalalamikia ulaji wa mafuta, halafu unaambiwa ufanye hivyo! Injini ikipata joto kupita kiasi, tafuta sababu kwenye rejeta, feni, pampu ya maji au gasketi ya hedi.

Ekzosi iliyofunguliwa huongeza kelele kuliko nguvu. Jambo moja tu lichunguzwe: kama kichujio cha gesi kilicho kwenye ekzosi (katalisti) kimeziba ndani, gari kweli litachoka mlimani. Tiba ni kukibadilisha.

Tabo ndilo shauri lenye nguvu halisi. Mswisi Alfred Büchi aliliombea wazo hilo hataza mwaka 1905, na bado ndiyo njia bora ya kuingiza hewa kwa kutumia moshi ambao ungepotea. Lakini hewa ikibanwa hupata moto. Ya nyuzi 25, ikibanwa mara moja na nusu na kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70, hutoka ikiwa karibu nyuzi 77, kwa hiyo utahitaji kipozahewa. Utahitaji nozeli kubwa zaidi, kompyuta ipangwe upya, oili ifike kwenye tabo, na pistoni zilizotengenezwa kubeba mzigo huo. Kwa injini ya kilomita 180,000 ambayo haijapimwa, mimi nisingeligusa.

Na usitarajie kupunguza mafuta kwa njia hiyo. Ukienda polepole, injini ya petroli huhangaika kuvuta hewa kupitia valvu ya hewa iliyo nusu kufungwa, kama mtu anayenyonya maji kwa mrija uliobanwa. Injini nzuri ikifanya kazi yenye uzito wa kutosha hutumia gramu 240 hivi za petroli kwa kila kilowati-saa. Ikiwa na mzigo mwepesi inaweza kuzidi 400. Ndiyo maana gia ya juu na pedali iliyokanyagwa kidogo zaidi hushinda gia ya chini inayopiga kelele, mradi injini isianze kutetemeka.

Kwako naona haya. Plagi zote zitolewe, pedali ikanyagwe hadi mwisho, injini izungushwe kwa stata, na kompresheni ipimwe silinda moja baada ya nyingine. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 au 15, mimina humo kijiko cha oili upime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kisipopanda, shuku valvu au gasketi. Kisha angalia taimingi, shinikizo la pampu ya mafuta, na sensa ya oksijeni, ambayo ikidanganya humfanya mwenye gari alaumu kila kitu kingine. Breki zinazoburuza pia hunywesha gari mafuta bila injini kuwa na kosa.

Niandikie vipimo vya silinda zote nne, kikavu na chenye oili. Hadi hapo hedi ibaki ilipo.