Anacheza mlipuko kila siku. Nimkataze?

*Mshauri, shikamoo. Mwanangu ana miaka 6. Miezi miwili iliyopita alikuwa na mjomba wake kwenye kituo cha mabasi bomu lilipolipuka. Yeye alitoka na mchubuko wa goti tu. Mjomba wake alifariki palepale. Wiki za mwanzo hakulia wala hakuuliza kitu, tukashukuru tukidhani hakuelewa. Sasa anakojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka 3. Nikiingia bafuni anakaa mlangoni mpaka nitoke. Na kila siku anapanga viatu vyote vya nyumbani kama mabasi, anapanda juu ya kiti, anapiga kelele na kuvitawanya, kisha anavipanga upya. Mama mkwe anasema mchezo huo ni mkosi, nimchape auache. Jirani anasema nimpe dawa ya usingizi kidogo. Tumemwambia mjomba amesafiri. Nifanye nini?*

Marahaba, mwanangu. Nilisoma barua yako mara tatu ndipo nikatambua kwamba huyo mjomba wa mtoto ni ndugu yako wewe, uliyezaliwa naye. Hukuandika hata mstari mmoja juu ya msiba wako. Pole sana. Nitarudi hapo.

Niruhusu nianze na viatu, kwa sababu ndivyo vinavyosema. Mwaka 1976, katika mji wa Chowchilla jimboni California, watoto 26 walitekwa na watu wenye silaha wakiwa ndani ya basi lao la shule. Walifungiwa kwenye sanduku la lori lililofukiwa chini ya ardhi, wakakaa humo kwa saa kama 16 kabla ya kujichimbua wakiwa na dereva wao. Wote walirudi nyumbani hai, bila majeraha makubwa, na watu wakasema watoto ni wadogo, watasahau. Daktari wa akili za watoto, Lenore Terr, alikwenda kuwasikiliza, akarudi tena baada ya miaka minne mitano. Wote aliowakuta walikuwa bado na alama za tukio lile. Hawakuwa wamesahau. Wengi walikuwa wakilicheza: mabasi, kutekwa, kufukiwa, tena na tena.

Mchezo wa kawaida hubadilika. Leo mtoto ni dereva, kesho ni mwalimu, na katikati anacheka. Mchezo wa kiwewe haubadiliki, hauna kicheko, na unaishia palepale kila siku. Mwanao anarudia ule mwisho kwa sababu hajapata njia ya kuupita. Ukimchapa, mchezo utaisha mbele ya macho yako tu. Utaendelea ndani, na yeye atakuwa amejifunza kwamba jambo lile halisemeki kwako.

Kaa naye sakafuni. Siku za kwanza usiseme mengi, mwombe tu akuonyeshe kiatu gani ni basi gani. Siku nyingine viatu vikishatawanyika, uliza polepole: "Halafu nani alikuja kusaidia?" Mpe kiatu kiwe gari la wagonjwa. Uliza mabasi haya yanalala wapi usiku. Unamfungulia mlango tu, humsukumi apite. Ukiona pumzi inapanda au macho yanaduwaa, acha yote, mkumbatie, mtajie mahali alipo: "Uko nyumbani, na mimi, ni jioni."

Najua ubaya wa kusukuma kwa sababu niliufanya. Nikiwa mgeni katika kazi hii, baada ya moto mkubwa, niliwakusanya watoto chumba kimoja nikamtaka kila mmoja aeleze alichokiona, kitu kwa kitu. Ndivyo nilivyofundishwa, na niliamini nawatua mzigo. Mvulana wa miaka 9 alieleza vizuri mno, kisha akatapika. Hakurudi tena, na sikupata nafasi ya kumwomba radhi. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri kisitumike kikao cha namna hiyo cha kumtaka aliyepatwa na maafa asimulie yote mara moja. Kwa hiyo wageni wakija kukupa pole na kumuuliza mtoto "hebu tuambie ulionaje", waombe waache.

Dawa ya usingizi, hapana. Shirika hilohilo linashauri dawa za aina hiyo zisitumike kumtibu mtoto mwenye mshtuko wa tukio la kutisha au anayekosa usingizi kwa sababu ya tukio hilo. Kinachomlaza ni saa ileile ya kulala kila siku, taa ndogo, na mtu mzima karibu. Godoro lifunike nailoni, mwamshe akojoe kabla hujalala wewe, na neno "kikojozi" lisisikike katika nyumba hiyo. Mwili wenye hofu hurudi nyuma, kwenye umri ambao mtoto alibebwa na kulindwa. Kwa bafuni, mwambie unachokwenda kufanya, kisha imba ukiwa ndani. Akisikia sauti yako, baada ya siku kadhaa ataanza kusogea mbali na mlango mwenyewe.

Sasa safari ya mjomba. Hii irekebisheni wiki hii. Mtoto aliyeambiwa mtu amesafiri humngoja, na baadaye huogopa kila anayebeba begi. Ukimwambia amelala, ataogopa kulala. Katika umri wake wengi hawajashika vizuri kwamba kifo hakina kurudi, hivyo utarudia maneno haya zaidi ya mara moja: "Mjomba amekufa. Bomu liliuumiza mwili wake sana, ukaacha kufanya kazi. Hatarudi, hata sisi tunamlilia. Si kosa lako." Hilo la mwisho usiliruke. Watoto wa miaka 6 huamini mawazo yao yana nguvu ya kutenda. Huenda yeye ndiye aliyeomba kwenda kituoni siku ile, au alimkasirikia mjomba asubuhi, na amebeba siri hiyo peke yake kwa miezi miwili.

Na wewe lia. Mbele yake pia, ukimwambia kwa nini unalia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wataalamu wa akili za watoto Anna Freud na Dorothy Burlingham walilea watoto London mabomu yakidondoka, wakaona kwamba watoto waliobaki na mama zao hata chini ya mabomu mara nyingi walistahimili kuliko waliotenganishwa nao wakapelekwa mahali salama. Waliona pia kwamba mama akitetemeka, mtoto hutetemeka. Tafuta mtu wa kukushika mkono wewe, dada au rafiki, asiyekuambia ujikaze.

Mwisho, mpeleke kwa mwanasaikolojia au mshauri nasaha anayejua watoto. Dalili za wiki chache za mwanzo mara nyingi hupungua zenyewe, lakini zikipita mwezi na kuvuruga usingizi, mchezo na shule, hazingojewi. Miezi miwili yenu inatosha. Tiba yenye ushahidi mzuri ni ya mazungumzo, mara nyingi ya vikao 12 hadi 16: mtoto anafundishwa kwanza kutuliza mwili, kisha anasimulia tukio kidogo kidogo, kwa kuchora au kwa wanasesere, na mzazi anashirikishwa. Uliza mapema kama nawe utaingia. Wakikuacha nje wiki zote, tafuta kwingine.

*Dada mshauri, mafuriko yalibomoa nyumba yetu mwaka jana. Binti yangu wa miaka 14 amekuwa nguzo: anapika, anawaogesha wadogo zake, halii. Lakini alama zake shuleni zimeporomoka, anafoka ovyo, na anasema hakuna haja ya kusoma kwa kuwa vyote huondoka. Mvua ikianza usiku halali. Juzi nimekuta chini ya kitanda chake begi lenye nguo za wadogo zake, tochi na vyeti vyetu.*

Ndugu yangu, asante kwa kulitaja begi. Binti yako analinda zamu. Anaamini akilala yeye, hakuna mwingine aliye macho. Hiyo ndiyo "nguzo" mnayoisifu, na nakuomba muipunguze sifa kidogo, kwa sababu kila mkimsifu kwa kutokulia mnamfungia mlango wa kulia.

Begi usilipangue wala usilicheke. Keti naye mpange pamoja: nani anamshika mdogo yupi, mnapitia njia ipi, mnakutana wapi, nani anasikiliza taarifa za hali ya hewa. Kisha mwambie kwa sauti kwamba kuanzia leo wa kukesha mvua ikinyesha ni wewe baba, na ukeshe kweli, akusikie ukitembea. Sauti ya mvua kwake ni mafuriko yaleyale yanayorudi. Mwili haujui tofauti mpaka ufundishwe. Mrudishieni pia saa za utoto wake, kazi za nyumbani zigawanywe.

Kuhusu "vyote huondoka": watoto wa Chowchilla nao walizungumza hivyo, hawakuona maisha marefu mbele yao. Kwa kijana wa miaka 14 kauli hiyo inataka swali la wazi. Muulize kama huwa anafikiria kufa au kujidhuru. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Humpa ruhusa ya kulitoa. Akijibu ndiyo, kaa naye na umpeleke hospitali siku hiyohiyo.

*Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Tangu shambulio la mbali lioneshwe kwenye televisheni, wanafunzi hawazungumzi lingine, na mmoja ameniuliza kama magaidi watakuja na shuleni kwetu. Nimjibu nini?*

Mwalimu, waombe wazazi wazime televisheni watoto wakiwa sebuleni. Baada ya bomu la Oklahoma City, Marekani, la mwaka 1995, lililoua watu 168, wakiwemo watoto 19, daktari wa akili za watoto Betty Pfefferbaum na wenzake walikuta dalili za mshtuko hata kwa watoto wasiokuwepo wala kufiwa, ila walitazama sana matangazo yake. Mtoto mdogo akiona jengo likianguka mara kumi, anaweza kuamini yameanguka majengo kumi.

Huyo aliyeuliza, chuchumaa uwe kimo chake, kwanza umuulize yeye amesikia nini, maana mara nyingi alichosikia ni kibaya kuliko kilichotokea. Usimwapie kwamba haiwezekani, siku moja atagundua uliapa bure. Mwambie matukio haya ni nadra sana, mwambie nani analinda lango, mwonyeshe mlango mnaotokea kukiwa na hatari na mahali ambapo wewe utakuwa umesimama. Atataka kuuona mlango huo tena kesho. Mpeleke.