Punju wa Jozani na ndege wa Java

SWALI: Assalaam aleikum mzee wangu. Shemeji yangu ana shamba upande wa Pete, karibu na msitu wa Jozani huko Unguja, na kima punju wamejaa kwenye minazi yake, wanakula vidaka. Mwanangu karudi skuli anasema punju na ndege wa Java wote wamo hatarini kutoweka. Punju tunawaona wengi, na ndege huyo anafugwa matunduni dunia nzima. Hatari iko wapi?
Msomaji, Wete

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Hao wa kwa shemeji yako ndio hao hao wa dunia nzima. Ukitoa Unguja, kisiwa cha Uzi na wale wachache waliopelekwa huko kwenu Pemba, msitu wa Ngezi, mwaka 1974, punju huwapati pengine. Sensa kubwa iliyofanyika kisiwani ilikuta kiasi cha 5,800 tu. Msitu ukifyekwa wanajazana mashambani, na hapo ndipo macho yanapodanganyika.

Nimepata kumwona jike, mtoto kamng'ang'ania tumboni, akashuka kwenye tanuri la mkaa lililozimwa. Akachagua kipande, akakibana kwa vidole vinne, maana dole gumba hana, akatafuna taratibu. Majani ya miembe na mikungu anayokula yana sumu, na mkaa huinyonya. Mnyama wa maarifa kama huyu anazaa mtoto mmoja tu, kisha hukaa muda mrefu kabla ya mwengine.

Ndege wa Java kisa chake chengine. Ana kichwa cheusi, shavu jeupe, mdomo mnene mwekundu. Kwao ni Java na Bali, kwenye mpunga. Watu wamempenda kwa uzuri na sauti, wakamnasa na kumuuza mpaka kwao akaadimika. Wa matunduni hawahesabiwi. Hatari hupimwa kwa walio huru kwao. Hata wale walioletwa visiwani kwetu karne ya 19 hawaondoi upungufu huo.

Mimi namhofia punju zaidi. Ndege hutaga mayai kadhaa kwa mara moja, akiachwa na wategaji ataongezeka. Punju akikosa msitu, aende wapi?

Kuhusu vidaka, watafiti walichunguza minazi karibu na Jozani miaka ya 1990, wakaona mavuno hayakupungua kwa sababu ya punju. Vidaka vingi huanguka vyenyewe. Mwambie shemeji asiwapige mawe, na barabara ya Jozani apunguze mwendo kabla hajafika kwenye matuta, asije akawagonga.