MUULIZE NJOMBA: "Kumetulia, njooni mjiandikishe"

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mwezi huu simu imejaa meseji za ng'ambo ya mto tu, mana korosho zikishauzwa watu wanapata nauli na akili inaanza kuvuka Ruvuma. Kwa wageni wa safu hii, mimi kabla ya kuja kuandika nilikuwa mtunza stoo wa misaada kule Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kazi yangu magunia na foleni, kwahiyo ninayoyajibu ni ya stoo na foleni, siasa muulizeni mwingine. Majina ya waulizaji tumeyaacha kama kawaida.

Shikamoo Njomba. Mimi mama wa watoto watatu nakaa Chikongola hapa Mtwara mjini. Toka 2021 ile Palma ilivyopigwa tunaishi na wifi yangu na wanae, alivuka na mimba mtoto akazaliwa hapahapa saivi yuko chekechea. Sasa mwezi uliopita shemeji yake kapiga simu anasema kumetulia, soko limefunguliwa, njooni mjiandikishe mpate mabati na mbegu mkichelewa majina yanafungwa. Wifi kaanza kufunga vyombo. Mimi moyo unakataa ila nikimwambia asubiri ataona namzuia kwao, nikinyamaza watu watasema nimewachoka nilikuwa nasubiri waende, yani kote kubaya. Mume wangu kakaa kimya kama sio dada yake. Kweli kumetulia? Na hivyo vitu kweli wanapewa?

*Njomba anajibu:*

Marahaba mama. Kwanza pole na hongera vyote kwa pamoja, kulisha watu kumi kwenye nyumba ya mtaani miaka yote hiyo bila kopo la unga la mtu hata moja, watu wanaongelea mashirika wakati shirika lenyewe ndo wewe na sufuria yako.

Sasa hilo neno kumetulia. Hilo ni neno la kwenye simu, ukilisikia uliza wapi. Cabo Delgado ni mkoa mkubwa bana. Vita ya waasi na serikali ilianza Oktoba 2017 pale Mocímboa da Praia, Machi 2021 ndo ikafika Palma kwa kishindo hicho mlichokimbia, Julai mwaka huohuo wakaingia Wanyarwanda na wanajeshi wa SADC, na Agosti Mocímboa ikachukuliwa tena na serikali. Kuanzia hapo watu wakaanza kurudi kidogokidogo, mpaka leo waliorudi kwenye maeneo yao ni zaidi ya laki tano, kwahiyo shemeji hadanganyi, Palma mjini kuna watu kuna soko kuna samaki. Ila mkoa huohuo Februari 2024 watu wa Chiúre walikimbia kwa makumi ya maelfu ndani ya wiki chache, Mei 2024 waasi wakaingia Macomia mjini, Julai 2025 Chiúre tena. Na wale SADC walishaondoka Julai 2024. Kwahiyo wifi asiulize Palma kukoje, aulize kijiji chao kukoje, na usiku kukoje, watu wanalala nyumbani au jioni wanasogea mjini? Jibu la hilo linakwambia kuliko taarifa ya habari.

Mabati na mbegu. Mama, nimekaa kwenye lile dirisha la stoo, nakwambia hakuna mtu anayepewa bati kwa sababu kavuka mto. Kinachokuwepo ni orodha, inatengenezwa kijijini na viongozi wa pale pamoja na ile taasisi yao ya maafa INGD, alafu shirika linakuja kuhakiki, alafu inasubiriwa bajeti, na bajeti toka Marekani wakate misaada mwanzoni mwa 2025 ni ya kubahatisha. Hata kabla ya hapo tulishakatiwa, mgao kamili unapigiwa hesabu ya kalori 2,100 kwa mtu kwa siku, sisi tulifika mahali tunagawa nusu, unampa mama kipimo unaona aibu kumtazama. Atakayerudi kwa ajili ya bati atakaa chini ya turubai akilisubiri. Atakayerudi kwa sababu ni kwao, bati likija ni faida.

Na orodha yenyewe ina mambo yake. Siku moja kuna mzee alisimama foleni toka saa kumi na mbili asubuhi, jina Shabani, amekaa huku kwetu miaka mingi kwahiyo karatasi zake zote zimeandikwa Shabani na hivyohivyo ndo alivyojitaja. Karani anatafuta kwenye S hamna. Anarudia hamna. Mzee anaambiwa akae pembeni, pembeni juani, mpaka saa nane ndo mimi nikaenda kuchungulia ile karatasi nikamkuta kwenye C, wamemuandika Chabane, kireno hicho. Hasani anakuwa Assane, Rashidi Rachide, Bakari Bacar, Muhamadi ndo kabisa Momade. Alishasainiwa hayupo na gunia lake lilisharudi stoo, na wakubwa zangu wakasema utaratibu ni mwezi ujao. Mpaka leo nikila wali namkumbuka. Kwahiyo mwambie wifi ajue jina lake linaandikwaje kule, na watoto wote waandikwe kwa herufi zilezile kila mahali.

Ushauri wangu ndo huu na nimeuona ukifanya kazi kwa macho yangu: asihame mtu, atangulie mtu. Aende wifi mwenyewe au kijana wake mkubwa, wiki mbili tatu, akakanyage. Aangalie kisima kinatoa maji au kimetupiwa takataka, vigezo vya misaada vinasema lita 15 kwa mtu kwa siku, akikuta foleni ya ndoo inalala kisimani ajue hazifiki. Aangalie zahanati ina mganga au kuta tu. Alafu shamba, shamba mama, ndo ugomvi wenyewe mara nyingi, mana wewe umekimbia na mwingine kakimbilia hapohapo kwako, kalima kapanda muhogo, na yeye pia ana watoto. Sheria yao ya ardhi ya 1997 inasema ardhi ni ya serikali ila mtu wa kijiji aliyeishi pale kwa mila, au aliyeitumia kwa nia njema miaka 10, haki yake ya kutumia inatambulika hata kama hana karatasi, kinachomtetea ni mashahidi. Majirani wa zamani wanaojua mpaka ni ule mwembe. Awatafute hao kabla hajamgombeza mtu, na mwenye muhogo aachiwe avune.

Aende lini? Mvua kule kama kwetu, inaanza Novemba Desemba. Ukirudi mwezi wa tatu umekuta wenzio wanapalilia, wewe huna kitu mpaka mavuno ya mwaka unaofuata na hapo ndo unakuwa mtumwa wa mgao. Atangulie msimu huu wa kiangazi, afyeke, akiona pamekaa vizuri ndo apande, watoto wabaki kwako wamalize muhula.

Watoto. Hawa wamesoma kiswahili miaka minne, kule darasani ni kireno, watashushwa madarasa na watalia, waambiwe mapema. Beba barua ya uhamisho ya shule. Yule wa chekechea aliyezaliwa hapa mfuatilieni cheti cha kuzaliwa kwa lile tangazo la kizazi kabla hajaondoka, ukishavuka kulifuatilia ni mtihani. Kadi za chanjo, na kama kuna mtu anatumia dawa za kila siku achukue barua ya rufaa na dozi ya kutosha, kliniki nyingi za vijijini kule zilichomwa. Na watoto wafundishwe kabla ya kuondoka, chuma chochote usichokijua huokoti hupigi jiwe, unaita mkubwa.

Wapite mpakani kihalali, Kilambo kama kivuko kinafanya kazi au waende Mtambaswala daraja la Umoja, wapite kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa na uhamiaji waulize karatasi gani wanatakiwa kuwa nazo. Mtumbwi wa usiku hapana. Sijasahau Kitaya Oktoba 2020, wale waasi walivuka wakaua watu upande wetu, toka hapo mtu anayevuka gizani haulizwi vizuri. Na niseme na hili japo kuna watakaonuna: mwaka 2021 UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, walilalamika kwamba maelfu ya waliovuka kuja kwetu walirudishwa kupitia Negomano, ng'ambo ya daraja la Umoja, wakati kule bado kunawaka. Kurudishwa sio kurudi. Sheria ya wakimbizi, ule mkataba wa 1969 wa OAU, umoja wa nchi za Afrika wa zamani, ambao na sisi tumo, unasema mtu anarudi kwa hiari yake, na hiari hiyo inaanzia nyumbani kwako Chikongola kabla ya kufika kwa afisa yeyote.

Ndo mana nakwambia ongea na wifi, na aanze mume wako sio wewe. Ni dada yake, akae nae barazani amwambie kwa mdomo wake: nenda kaangalie, godoro lako halitoki, ukikuta pabaya rudi hata kesho. Akishasikia hivyo kwa kaka yake hakuna atakayesema umewafukuza wala umewang'ang'ania. Huyo mume kimya chake kakitoa wapi lakini.

Njomba mambo vipi. Mimi ni mfanyabiashara mdogo huku Nanyumbu, nimeona mara nyingi mafuta ya kula ya msaada yanatokea ng'ambo yanauzwa kwa bei ya chini na kwenye dumu imeandikwa kabisa hairuhusiwi kuuzwa. Sasa hawa watu kweli wana shida? Mtu mwenye njaa anauza chakula?

*Njomba anajibu:*

Poa. Anauza, tena mwenye njaa ndo anauza. Kuna miezi tulikuwa tunagawa mahindi mazima, mazuri kabisa meupe, alafu mashine ya kusaga iko mbali na mwenye mashine anataka meticais, hela ya kule. Mama hana. Anafanyaje? Anauza chupa ya mafuta apate hela ya kusagia, au anamwachia mwenye mashine sehemu ya mahindi, akifika nyumbani ana dona ila hana mafuta, na kwenye ripoti yetu tumeandika kapata vyote. Mwingine anauza maharage anunue sabuni, mwingine mtoto ana homa. Ukiwapa hela mkononi hii biashara inapungua, ila hela inataka soko liwe na vitu, soko likiwa tupu mnapandisha bei tu.

Wizi wa stoo upo na ni kitu kingine. Ukiona dumu moja moja kwa mama kwenye kanga hiyo ni shida, ukiona katoni hamsini kwenye gari hujui limetokea wapi huo ni wizi na usinunue, utakuja kushikwa wewe mwenye kibanda wakati mwenye gari yuko anakula pweza.

Kijana, hujambo. Mimi ni mwalimu mstaafu mkoa wa Lindi. Utotoni nilicheza mpira na watoto wa wakimbizi wa Msumbiji pale Rutamba. Walipopata uhuru waliondoka kwa nyimbo na vigelegele, kijiji kikabaki kitupu kama shule siku ya kufunga. Nashangaa hawa wa leo wanaanza safari wanarudi, wanaanza wanarudi. Wamekuwa wavivu au wamezoea kupewa?

*Njomba anajibu:*

Sijambo mwalimu, shikamoo. Uvivu hapana mzee wangu, tofauti ni kwamba wale wa Rutamba waliambiwa tarehe. Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji huru, Mreno anaondoka, aliyekuwa anawachomea vijiji hayupo tena, nani asiimbe? Na hata hivyo si wote walioondoka, kuna waliobaki wakaoa wakaolewa, nenda Rutamba au Nachingwea uliza koo utawapata.

Wa leo hawana tarehe. Hamna mkataba uliosainiwa, hamna adui aliyeshika kalamu. Linganisha na ile vita yao ya wenyewe kwa wenyewe ya Frelimo na Renamo, walisaini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, na mpaka 1996 walikuwa wamerudi watu kama milioni 1.7, wengi wakitokea Malawi. Na unajua mwalimu walirudije? Wengi hawakusubiri malori. Baba alitangulia akafyeke, mama na watoto wakabaki kambini kwenye kadi ya mgao, msimu ukikubali wanafuata, ukikataa baba anarudi kula. Walikuwa wanaanza safari wanarudi, hivyohivyo unavyowaona hawa. Na mabomu ya ardhini ya vita hizo yalikuja kutangazwa yameisha Septemba 2015, hesabu mwenyewe miaka hiyo, mtu unamwambiaje akimbilie shamba.

Kuzoea kupewa, sijui. Mimi niliowapimia mahindi wengi walikuwa wanauliza jembe.

Njomba, bodaboda hapa Mangaka. Abiria anataka nimpeleke na mizigo mpaka ng'ambo ya daraja la Umoja, kaniahidi hela nzuri. Niende?

*Njomba anajibu:*

Mfikishe geti la kwetu, chukua hela yako, mshushe na mizigo. Pikipiki yako haina karatasi za kuvuka na wewe pia huna, ukizuiliwa Negomano hela nzuri yote inaishia kwenye kuitoa hiyo pikipiki. Na umsaidie kubeba lile begi la watoto, daraja ni refu lile.